Hesabu za kwenye muvi, hesabu za Keko

Fundi wangu wa kabati, pale Keko, Dar es Salaam, hakuwepo. Habari ya fundi kutokuwepo siku ileile aliyokuambia uje sina haja ya kuwasimulia.

Nilimkuta kijana wake, maranda yamemjaa mpaka kwenye nywele, amelaza ubao wa mninga mbele yake. Upana wake sentimita 23. Alitaka kuugawa sehemu saba zilizo sawa kwa ajili ya michirizi ya mlango wa kabati.

Mimi kichwani nikaanza: 23 gawanya kwa saba, tatu, inabaki mbili, weka nukta... Nikatoa simu nimsaidie.

Yeye alishika futi, akaweka sifuri kwenye ukingo mmoja wa ubao, kisha akailaza mshazari mpaka namba 28 ikagusa ukingo wa pili. Akatia alama za penseli kwenye 4, 8, 12, 16, 20 na 24. Akapitisha mistari kufuata urefu wa ubao. Sehemu saba, sawasawa, na hakugawanya chochote. Simu yangu ilikuwa bado inatafuta kikokotoo.

"Hesabu hii umejifunza wapi?"

Akacheka. "Dada, hii siyo hesabu. Mimi hesabu zilinikataa tangu darasa la tano. Hesabu ni zile za kwenye muvi, yule jamaa anaandika kwenye vioo mpaka kichaa kinampanda."

Kabati nilikuja kulipata. Maneno yale ndiyo yaliyonikalia vibaya kwa wiki kadhaa.

## Kioo, chaki na kinanda

Nikazitafuta tena filamu zenyewe. Wengi wetu tulizionea kwenye vibanda umiza, mtafsiri akiongea juu ya sauti ya mwigizaji, na ikifika sehemu ya ubaoni mtafsiri alikuwa na sentensi moja tu: "Hapo jamaa anapiga mahesabu ya hatari." Basi, anasubiri ngumi zirudi. Simlaumu. Hata kamera haikutaka tusome kilichoandikwa.

Ile ya vioo ni A Beautiful Mind, ya mwaka 2001. John Nash alikuwa mtu wa kweli. Tasnifu yake ya udaktari katika chuo cha Princeton, Marekani, mwaka 1950, ilikuwa na kurasa 28 tu, na mwaka 1994 kazi iliyomo humo ilimpatia Nobel ya uchumi. Filamu inajaribu kutueleza wazo lake kwa kisa cha baa: vijana wanamtamani mwanamke mmoja, Nash anapata ufunuo kwamba wote wakimkwepa yule na kuwafuata marafiki zake, kila mmoja atapata mwenzi. Kinanda kinalia, Nash anakimbilia kuandika.

Tatizo ni kwamba Nash alichokionyesha ni hali ambayo hakuna mtu mmoja atakayefaidika kwa kubadili uamuzi wake peke yake. Pale baa, wakishamkwepa wote, kila kijana ana sababu nzuri kabisa ya kuwageuka wenzake na kumfuata yule yule. Kwa hiyo mfano wa filamu hauonyeshi wazo la Nash; unaonyesha hali ambayo wazo la Nash linasema haitadumu. Filamu ikapata Oscar ya filamu bora, na hakuna aliyerudi mlangoni kudai kiingilio.

Halafu Good Will Hunting, ya 1997, kijana anayesafisha sakafu za chuo cha MIT anajibu swali lililoachwa ubaoni kwenye korido. Profesa anasema swali lile liliwachukua zaidi ya miaka miwili. Ukilitazama vizuri, linataka uchore michoro yote inayounganisha nukta 10 bila kuacha njia ya kuzunguka na kurudi ulipotoka, na bila nukta yoyote kuwa na mistari miwili kamili. Ipo michoro 10. Mtu mwenye karatasi, penseli na jioni moja isiyo na umeme anaweza kuimaliza. Kijana wa filamu anachora minane, anakurupushwa, anaondoka, na sisi tunabaki midomo wazi.

Nilipozitazama safari hii sikuhangaika sana na makosa. Kilichonigusa ni vile zinavyofanana. Mwenye hesabu yuko peke yake. Anaandika kwa kasi. Hafuti. Jibu likishatoka, limetoka, na mtu mzima mwenye suti anasimama nyuma yake akiwa ametoa macho.

Na kuna jambo jingine, ambalo utotoni lilinipita. Will, yule msafishaji, anafanya pia vibarua kwenye majengo. Kuna mahali anauliza kuna ubaya gani kupanga matofali, maana ni nyumba ya mtu anayoijenga. Swali zuri sana. Filamu inalipokea kwa heshima na kisha inatumia muda wote uliobaki kumtoa pale. Rafiki yake mwenyewe anamwambia atamkasirikia akimkuta bado yuko kwenye vibarua hivyo baada ya miaka 20. Hesabu, katika filamu hizi, ni mlango wa kutokea kwenye kazi ya mikono.

Kijana wa Keko ameielewa filamu vizuri kuliko nilivyodhani. Yeye hajatokea kwenye mlango huo. Kwa hiyo anachofanya hakiwezi kuwa hesabu.

## Pembetatu isiyofungika

Kuna kosa moja la kwenye sinema ninalolipenda kuliko yote, na ni la zamani: The Wizard of Oz, ya mwaka 1939. Sanamu la kutishia ndege linatafuta ubongo. Mwisho wa safari halipewi ubongo, linapewa cheti. Likishakishika tu, linanyoosha kidole kwenye paji la uso na kutamka, kwa majivuno, kwamba jumla ya vipeuo vya pili vya pande zozote mbili za pembetatu yenye pande mbili sawa ni sawa na kipeuo cha pili cha upande uliobaki.

Inasikika kama Pythagoras. Lakini Pythagoras anazungumzia vipeo vya pili, yaani urefu kuzidishwa kwa wenyewe, siyo vipeuo. Pembetatu yenye pembe mraba, siyo yenye pande mbili sawa. Na pande mbili maalumu zinazokutana kwenye pembe hiyo, siyo zozote.

Siku moja nikaamua kumpa nafasi. Nikasema, haya, tuitengeneze pembetatu yake. Tuchukue pande mbili zilizo sawa, kila moja futi moja. Kipeuo cha pili cha moja ni moja. Moja na moja ni mbili. Kwa hiyo upande wa tatu uwe na kipeuo cha pili ambacho ni mbili, yaani uwe na urefu wa futi nne. Sasa nenda karakana ukate: kipande cha futi moja, kingine cha futi moja, na kimoja cha futi nne. Vigonge misumari vikutane.

Havikutani. Vile vifupi ukivinyoosha vyote juu ya kile kirefu bado panabaki uwazi wa futi mbili. Na kwa kuwa amesema pande "zozote" mbili, chukua sasa upande mmoja mfupi pamoja na ule wa tatu: ili hesabu ikubali, upande wa tatu lazima uwe na urefu wa sifuri. Futi nne na sifuri kwa wakati mmoja.

Sanamu lile limekuwa likisema hivyo tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, mbele ya mamilioni ya watazamaji, na bado lina cheti chake. Seremala angesema hivyo asubuhi, kufika adhuhuri mteja ameshajua.

## Msumeno nao unakula

Darasani, ubao wenye urefu wa milimita 2440 ukigawanywa sehemu nne, kila sehemu ni 610. Umepata vema, endelea swali la tatu.

Karakana, hiyo 2440 ni urefu wa plaiwudi ya futi nane, na msumeno wa mashine unakula milimita tatu hivi kila unapopita. Mikato ni mitatu. Milimita tisa zinageuka vumbi. Ukikata vipande vitatu vya 610 kamili, cha nne kitatoka 601, na mlango huo utaonekana umetoka nyumba nyingine. Kwa hiyo ama unagawana hasara, kila kipande kiwe pungufu ya 608, ama unajua tangu mwanzo ni kipande kipi kitafichwa nyuma ambako hakuna atakayepima.

Au chukua shelfu. Kabati lina nafasi ya ndani ya milimita 1800, mteja anataka shelfu nne. Mtu wa darasani anakimbilia kugawa kwa nne, anapata 450. Lakini shelfu nne zinatengeneza nafasi tano. Na kila shelfu ina unene, tuseme milimita 18, kwa hiyo 72 zinaondoka kwanza. Zinabaki 1728, gawa kwa tano, 345.6. Ile nukta sita hakuna msumeno wa Keko utakaoipata, na fundi anajua hivyo, kwa hiyo anakata kipande kimoja cha kuwekea nafasi, anakitumia kusimamisha shelfu zote, na upungufu unasukumwa juu kabisa ambako jicho halifiki.

Hii ni hesabu yenye vitu ambavyo mtihani huviondoa ili swali liwe safi: unene, vumbi, jicho la mteja.

Mwaka 1985 watafiti watatu waliokuwa wakifanya kazi Brazil, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walitoa utafiti kuhusu watoto wauzaji wa mitaani mjini Recife. Walikuwa watoto watano tu, wa miaka 9 hadi 15. Watafiti walianza kwa kujifanya wateja: nazi ngapi, chenji ngapi. Watoto walipata karibu asilimia 98 ya majibu. Baadaye wakapewa hesabu zilezile kwenye karatasi, namba tupu, bila nazi. Wakapata kama asilimia 37.

Huo unatajwa mara nyingi. Unaotajwa kidogo ni ule ambao Schliemann aliufanya kwa maseremala wa hukohuko. Aliwauliza mafundi wazoefu, na wanagenzi, yaani wanaojifunza ufundi, waliokuwa wakifundishwa hesabu darasani, ni mbao kiasi gani zinahitajika kutengeneza vitanda vitano. Wazoefu wakaorodhesha vipande vya kwenda kununua. Wanagenzi wengi wakakimbilia kanuni za darasani, wakazidisha namba, na wengine wakatoa majibu ambayo hayana maana kwa mbao yoyote unayoweza kuinunua. Hawakushtuka. Kwao lile lilikuwa swali la shule, na jibu la swali la shule halilaliwi na mtu.

Hapo nilikuwa nimeshaanza kuandika makala hii kichwani. Ingekuwa tamu: kila fundi ni mwanahisabati, shule imetudanganya, sinema imetudanganya, asanteni kwa kusoma.

## Banda la kuku

Mzee mwenye karakana ndiye aliyeniharibia.

Nilimpa shikamoo, nikamweleza ninachotaka kuandika. Alinisikiliza huku anapitisha randa, kisha akasema, "Mwanangu, usiwasifie sana hawa. Mafundi wengi wanakariri."

Akanipa kisa. Kila fundi anaijua tatu-nne-tano. Ukitaka kona ikae mraba, pima tatu upande huu, nne upande ule, kisha kati ya alama hizo iwe tano. Tisa na 16 ni 25, ingawa si kila mtu anaisema hivyo. Sasa, kijana mmoja aliyepita mikononi mwake aliitwa kujenga banda la kuku. Banda lilikuwa kubwa kidogo, akaona tatu-nne-tano ni ndogo. Akaongeza moja moja kila mahali: nne, tano, sita.

Nilipofika nyumbani nikaikokotoa. Kwa pande za mita nne na mita tano, kona kwa kona inatakiwa iwe mita 6.40. Yeye alivuta mita sita. Pembe yake ikawa kama nyuzi 83 badala ya 90, na ule ukuta wa mita tano, ukifika mwisho, umeingia ndani zaidi ya sentimita 62.

"Na kuku wakasemaje?" nikauliza.

"Kuku hawakulalamika. Mwenye bati ndiye aliyelalamika."

Mwingine, akaendelea mzee, alikuwa anatengeneza droo. Akasema haiwezekani kupiga kona kwa tatu-nne-tano kwa sababu droo haifiki futi tatu. Hakujua kwamba 30, 40 na 50 za sentimita ni kitu kilekile. Aliyemfundisha alimpa futi, naye akazibeba futi.

Nikamuuliza mzee kuhusu kenchi, ile fremu ya mbao inayobeba paa. Nilitegemea aniambie anavyokokotoa urefu wa mbao ya mteremko, maana hapo Pythagoras yuko wazi kabisa: nusu ya upana wa nyumba mita tatu, kimo mita moja na nusu, mbao inatoka mita 3.35, ongeza za kutokeza nje. Akanitazama kama mtu anayetafuta maneno ya kumwambia mgonjwa. Kenchi ya kwanza, akasema, unaichora chini kwa ukubwa wake, kwa kamba na misumari. Unaitengeneza palepale. Ukishaipata, zilizobaki unazilaza juu yake na kukata. Hupimi tena.

Kwa hiyo hakuna hesabu?

Hapo nilikwama. Siku chache nilijiambia kwamba kunakili umbo zima bila kulipima ni jiometria safi, pembetatu zinazolingana, na kwamba fundi amechagua njia yenye nafasi chache za kukosea, kwa sababu kila unaposoma futi upya unafungua mlango wa kosa jipya. Hiyo ni kweli. Lakini yule wa banda la kuku naye alikuwa ananakili. Alinakili kitu kilichokuwa sahihi, akakivuta kwa namna isiyoruhusiwa, na ndani ya alichokinakili hakukuwa na kitu cha kumwambia kwamba amevuka mpaka.

Lile sanamu lenye cheti, kumbe, liko Keko pia. Linavaa aproni.

Na ukisema hivyo lazima useme na upande wa pili. Kwa miaka mingi wanaofaulu Hisabati kidato cha nne hapa Tanzania wamekuwa karibu robo ya watahiniwa au chini ya hapo. Wengi wa waliobaki hawakushindwa kufikiri; walifundishwa kuongeza moja moja na hakuna aliyewaonyesha banda likipinda. Sasa mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi, umeingia sekondari tangu 2024, na nasikia watu wakiusifu kwamba utawaokoa wasioweza hesabu. Nikisikia hivyo naona bati haliji kukaa.

## Baba yake Katherine

Filamu iliyonitoa kwenye mkwamo huo ni Hidden Figures, ya 2016. Mnaijua: Katherine Johnson, Dorothy Vaughan na Mary Jackson, wanawake weusi waliopiga hesabu za NASA, shirika la anga za juu la Marekani, pale Langley, Virginia, enzi za vyoo vya kutenganishwa kwa rangi. Nayo ina ubao mkubwa, ina ngazi ya kupandia, ina chaki. Ina hata mbio: mwanaanga John Glenn yuko tayari kurushwa, tarehe 20 Februari 1962, anataka yule mwanamke azipitie namba za kompyuta, na Katherine anazipitia wakati saa inahesabu kurudi nyuma.

Glenn kweli aliomba hivyo. Tofauti ni muda. Katherine Johnson hakukimbia. Aliketi na mashine ya kukokotolea ya mezani, akazipitisha kwa mkono milinganyo ileile iliyokuwa imeingizwa kwenye kompyuta, namba moja baada ya nyingine, na kazi ilimchukua siku moja na nusu. Roketi ilikuwa haijasimama ikimsubiri kwa dakika kumi.

Siku moja na nusu haichezeki kwenye sinema, naelewa. Ila tazama kilichoombwa. Kompyuta ilikuwa imeshatoa jibu. Glenn hakuhitaji jibu la pili; alihitaji mtu wa kulihakiki la kwanza. Kilele cha filamu nzima ni mtu kupima tena.

Kupima tena ndiyo kazi ambayo zile filamu nyingine zote hazina. Will hapimi tena. Nash wa kwenye baa angepima mara moja tu angeona mfano wake hausimami. Sanamu halipimi. Wa banda la kuku hakupima. Na mzee wa Keko hafanyi kitu kingine mchana kutwa: anapima pande, anapima kona kwa kona, anaweka skwea, anafumba jicho moja na kutazama ubao kwa urefu wake kama ana kinyongo nao.

Na sasa kuna hili, ambalo nililikuta kwenye mahojiano ya Katherine Johnson mwenyewe na kulisoma mara mbili. Alipoulizwa akili ya hesabu aliitoa wapi, alimtaja baba yake. Baba yake, Joshua Coleman, alikuwa mkulima na mtu wa mbao. Katherine alisema baba huyo angeweza kuutazama mti ukiwa umesimama na kukuambia utatoa mbao ngapi. Na alikokotoa mafumbo ya hesabu yaliyowasumbua baadhi ya walimu wa binti yake.

Fikiria hesabu iliyomo mle. Shina ni la duara, mbao ni za mraba; lina unene mkubwa chini na mdogo juu; gome linatoka, msumeno unakula njia yake, na penye fundo hapahesabiki. Anakuambia mbao ngapi, halafu mti unaangushwa, unapasuliwa, na kila mtu aliyekuwepo anazihesabu.

Filamu inaanza na Katherine mdogo, West Virginia, mwaka 1926, anapewa chaki na kusimama mbele ya ubao. Wazazi wamo, watu wema, wanamhamisha ili akasome. Habari ya miti haimo.

## Kamba mbili

Paulus Gerdes, mwanahisabati aliyefanya kazi Msumbiji mpaka alipofariki mwaka 2014, aliandika jinsi wajenzi wa vijijini kule wanavyopata msingi wa nyumba ya mstatili bila futi na bila tatu-nne-tano. Wanachukua kamba mbili za urefu mmoja. Wanazifunga pamoja katikati yake. Kisha wanalaza mwanzi wenye upana wa nyumba wanayoitaka, wanapigilia kigingi kila mwisho wa mwanzi, na ncha moja ya kila kamba inafungwa kwenye kigingi chake. Wanazivuta zile ncha nyingine mpaka kamba zikaze. Zilipofika, hapo ni kona mbili zilizobaki.

Hakuna namba hata moja. Na haiwezi kutoka kombo, kwa sababu umbo ambalo mistari yake ya kona kwa kona ina urefu sawa na inakatana katikati ni mstatili, hakuna namna nyingine.

Nilimtumia rafiki yangu mwalimu wa hisabati habari hii kwa ujumbe wa sauti, mrefu kupita adabu. Hakujibu. Baada ya siku chache akanitumia video: uwanja wa shule, kidato cha pili, kamba mbili za manila, vijana wanavutana na kucheka. Mstatili ukatoka. Wakapima pande, wakapima kona kwa kona, sawa.

Halafu binti mmoja, anasema mwalimu, akauliza kama ni lazima fundo liwe katikati.

Mwalimu alitaka kumwambia ndiyo, lazima, tuendelee. Binti alikuwa ameshalifungua. Akalifunga upya, kamba zote mbili, theluthi moja kutoka ncha za kwenye vigingi. Wakavuta. Umbo likatoka jembamba upande mmoja na pana upande wa pili, trapeza. Wakapima kona kwa kona: bado ni sawasawa, kwa sababu kamba ni zilezile. Darasa zima likabishana. Walifundishwa kwamba kona kwa kona zikilingana basi mambo ni mraba, na pale mbele yao zilikuwa zinalingana huku umbo limepinda waziwazi.

Nilimpelekea mzee wa Keko video. Aliitazama na miwani, akaitazama tena bila miwani.

"Ndiyo maana nawaambia wapime pande kwanza," akasema. "Upande huu na ule zilingane, juu na chini zilingane, ndipo uende kona kwa kona. Wanaruka hatua ya kwanza wakidhani ya pili inatosha."

Nikamuuliza kama amewahi kuona fremu ya namna hiyo, iliyolingana kona kwa kona na bado imepinda. Akasema mara nyingi, hasa milango mikubwa, ikiwa kipande cha juu kimekatwa kifupi kuliko cha chini na vya pembeni vinalingana. Mtu anapima kona, anafurahi, anapiga misumari.

Kisha akauliza kama yule binti ana pa kwenda likizo ya Juni.